Filamu za ngano za Waviking na Wajerumani wa kale: utazame ipi?

Mtu akishamaliza filamu zote za Thor, swali linalofuata huwa ni lile lile: sasa nitazame nini cha namna hii? Zipo nyingi, na nyingi hazifai. Ndevu, shoka, pembe ya pombe na meli yenye kichwa cha joka havitoshi kuifanya filamu iwe ya ngano hizo. Hapa nazilinganisha zile ambazo kweli zimechota kwenye visa vya kale vya Skandinavia na Ujerumani, na nasema ipi imfae nani. Nitataja pia miisho ya baadhi yake, maana huko mwishoni ndiko zinakotofautiana zaidi.

Kipimo changu nakiweka wazi mapema. Katika visa hivi shujaa hufa, na mara nyingi anajua kwamba atakufa. Hata miungu inajua. Odin, mkuu wao, ameshatabiriwa kwamba mbwa mwitu Fenrir atammeza. Thor, mungu wa radi, ataliua Joka la Midgard, nyoka mkubwa anayeizunguka dunia, kisha atapiga hatua 9 na kuanguka kwa sumu yake. Mashairi yanayosimulia hayo yaliandikwa Iceland katika karne ya 13, na ukiyasoma unaona miungu wakijiandaa, wakimfunga mbwa mwitu kwa hila, wakikusanya mashujaa waliokufa vitani, ilhali wanafahamu siku yenyewe haikwepeki. Kilichobaki mikononi mwao ni namna ya kuikabili. Ndiyo maana kiapo kina uzito mkubwa hivyo kwa watu wale: uhai utakwenda tu, neno ulilolitoa ndilo litakalobaki likisimuliwa. Filamu iliyolielewa hilo naipenda hata kama joka lake ni la kuundwa kwa mbao na vitambaa. Ambayo haikulielewa, hata ikitumia mamilioni ya dola, imebaki na kelele.

Siegfried: ya 1924 au ya 2004?

Kisa cha Siegfried kimo katika utenzi mrefu wa Kijerumani ulioandikwa karibu mwaka 1200. Kijana anaua joka, anaoga damu yake, ngozi inakuwa ngumu isiingie silaha. Ila jani moja la mti limeangukia katikati ya mabega wakati anaoga, na pale damu haikufika. Msomaji aliyekulia na habari za Fumo Liyongo, ambaye hakuuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, hahitaji kuelezwa zaidi. Siri ya mwili wa shujaa lazima ivuje, na huvuja kupitia mtu wa nyumbani. Kwa Liyongo alikuwa mwanawe mwenyewe. Kwa Siegfried ni mkewe, Kriemhild, tena kwa mapenzi: anamweleza Hagen, mtumishi wa kaka zake, mahali penyewe akidhani Hagen atamkinga mumewe vitani.

Filamu kubwa ya kisa hiki ni Die Nibelungen ya Fritz Lang, iliyotoka mwaka 1924 kwa sehemu mbili. Ni filamu bubu, nyeusi na nyeupe, na sehemu zote mbili kwa pamoja zinakaribia saa 5. Najua wengi watakuwa wameshaikimbia kwa sentensi hiyo, na ndiyo maana nataka kuitetea. Tazama jambo la joka tu. Liliundwa zima zima, urefu kama mita 20, watu wakiwa ndani wanaliendesha. Siegfried anapolikuta halijamfanya lolote, linakunywa maji. Yeye ndiye anayelichokoza, analitoboa jicho, analiua, na mtazamaji anabaki akilihurumia. Baadaye, Kriemhild anapomuaga mumewe anayekwenda kuwinda, mti uliojaa maua meupe unageuka taratibu mbele ya macho yake kuwa fuvu la kichwa. Hakuna neno linalosemwa. Msalaba ameshaushona kwa mkono wake kwenye vazi la mumewe, pale pale palipoangukiwa na jani, na Hagen hana haja ya kutafuta: Siegfried anainama chemchemini kunywa maji, mkuki unaingia.

Sehemu ya pili, ya kisasi cha Kriemhild, ni nzito kuliko ya kwanza. Anaolewa na Etzel, yule Attila, mfalme wa Wahunni (kabila la wapanda farasi, si wahuni wa mitaani), anawaalika kaka zake karamuni na kumdai Hagen. Kaka zake wanakataa kumtoa kwa sababu wamefungamana naye kwa kiapo. Hapo ndipo kila mtu anakuwa sahihi na kila mtu anaangamia. Margarete Schön, anayeigiza Kriemhild, karibu hasogei; anasimama, anatazama, ukumbi unateketea na ndugu zake wamo ndani. Sijaona filamu nyingine ya ngano hizi iliyofika hapo.

Kuna doa ambalo lazima lisemwe. Filamu ilitolewa kwa heshima ya taifa la Wajerumani lililotoka kushindwa vita, na Wanazi waliipenda. Mwaka 1933 sehemu ya kwanza ilirudishwa kwenye kumbi ikiwa imetiwa sauti. Thea von Harbou aliyeiandika alijiunga na chama chao, Lang akaihama nchi. Wahunni wanaonyeshwa kama nusu wanyama, na kibete Alberich amechorwa kwa sura ya dhihaka ambayo wengi wameitambua kuwa ni ile ile iliyotumiwa kuwakejeli Wayahudi. Itazame ukijua hayo. Na tafuta kopi iliyokarabatiwa na taasisi ya Murnau mwaka 2010, yenye muziki wa awali wa Gottfried Huppertz. Kopi za zamani zinazozunguka mtandaoni zimekatwakatwa na kufifia.

Ya pili ni ya runinga, Ring of the Nibelungs ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Uli Edel. Usishangae ukiikuta kwa jina la Dark Kingdom: The Dragon King, ni hiyo hiyo. Ilipigwa picha Afrika Kusini, inachukua kama saa 3, ina rangi, ina maneno, na utamwona Robert Pattinson akiwa kijana kabisa, kabla dunia haijamjua. Benno Fürmann ndiye Siegfried na Kristanna Loken ni Brunhild, malkia wa Iceland, ambaye hapa anapewa nafasi kubwa. Wamefuata njia ya visa vya Iceland, ambamo Siegfried na Brunhild walipendana kwanza, kisha dawa ikamsahaulisha.

Kama hujawahi kukisikia kisa hiki kabisa, anza na hii. Inaeleweka, inakwenda mbio, na mwisho wake wa msiba wameuheshimu. Upungufu wake ni ile dawa, ambayo wameiegemea mno: Siegfried anakuwa mtu aliyetiliwa kitu kinywajini, basi. Kwa Lang, Siegfried anamdanganya Brunhild akiwa na akili zake timamu, kwa tamaa ya kumpata Kriemhild, na deni hilo ndilo linalomrudia. Ya 2004 inakuhuzunisha. Ya 1924 inakufanya ukae kimya ukijiuliza ungefanya nini wewe.

Beowulf mara tatu

Utenzi wa Beowulf, wa Kiingereza cha kale, una mistari 3,182 na umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyonusurika moto mwaka 1731 kingo zake zikiwa zimeungua; sasa iko Maktaba ya Uingereza. Beowulf anavuka bahari kuusaidia ukumbi wa mfalme Hrothgar wa Denmark unaovamiwa usiku na zimwi Grendel. Anamng'oa mkono. Anamfuata mama yake chini ya maji. Miaka 50 baadaye, akiwa mfalme mzee, anapambana na joka, wenzake wanakimbia isipokuwa mmoja, na anakufa. Wapo watengenezaji watatu walioushika utenzi huu kwa namna tatu zisizofanana kabisa.

The 13th Warrior ya mwaka 1999, ya John McTiernan, ndiyo ninayompa mtu wa kwetu kwanza. Msimulizi wake ni Mwislamu. Ahmad ibn Fadlan alikuwapo kweli: mwaka 921 khalifa al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, naye alikuwamo. Kando ya mto huo aliwakuta wafanyabiashara wa Kaskazini, akaandika alichokiona: urefu wa miili yao, uchafu wao wa kunawia bakuli moja watu wote, na mazishi ya mkubwa wao aliyechomwa ndani ya meli pamoja na kijakazi aliyeuawa ili amfuate. Skandinavia hakufika. Safari hiyo aliongezewa na Michael Crichton katika riwaya ya 1976, akamuunganisha na Beowulf, na filamu ikatoka humo, Antonio Banderas akiwa Ibn Fadlan.

Uzuri wake uko katika mambo madogo. Ibn Fadlan anakaa na wapiganaji kando ya moto, usiku baada ya usiku, akiwasikiliza. Mwanzoni lugha yao haieleweki kabisa, kisha neno moja linaibuka, kisha mawili, mpaka siku mmoja wao anamtukania mama yake naye anajibu kwa lugha yao, barabara. Baadaye Buliwyf, kiongozi wao, anamuuliza kama kweli anaweza kuchora sauti. Anamwandikia mchangani kwamba Mungu ni mmoja na Muhammad ni mtume wake, anamsomea. Siku nyingine Buliwyf anayaandika yeye mwenyewe maneno yale yale, aonyeshe kwamba ameyashika. Hakuna anayesilimu, hakuna anayedharauliwa. Watu wawili wa dini mbili wanaheshimiana kwa sababu kila mmoja ameona mwenzake hatetereki. Kuna pale Ibn Fadlan anapokataa pombe ya zabibu na ya nafaka, akaambiwa hii ni ya asali, naye akainywa. Fatwa hiyo sitaitetea.

Uchawi humo hamna. Mazimwi ni watu wa mapangoni wanaovaa ngozi za dubu na kula nyama ya binadamu, na "joka la moto" linaloteremka mlimani kwenye ukungu ni safu ndefu ya wapanda farasi wenye mienge. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko joka la kompyuta. Na kipimo changu inakivuka: Buliwyf anatiwa sumu, anajua amekwisha, na bado anatoka nje mvuani kupigana. Kasoro ipo, tena kubwa. Utengenezaji ulikuwa na mvutano, Crichton mwenyewe akapiga upya baadhi ya sehemu, na hadithi inaonyesha mishono: Omar Sharif anaonekana mwanzoni, anatoweka. Fitina ya mwana wa mfalme inaanzishwa na kuachwa hewani. Damu ni nyingi. Si ya watoto.

Beowulf ya 2007 ya Robert Zemeckis ni kinyume chake. Waigizaji walipigwa picha wakiwa na vinasa-mwendo mwilini, kisha kompyuta ikawachora upya. Ukiiona kwenye simu utadhani ni katuni, na hapa nawaonya wazazi: si ya watoto hata kidogo. Beowulf anapigana na Grendel akiwa uchi, mama yake Grendel ni Angelina Jolie aliyepakwa dhahabu, watu wanararuliwa vipande. Neil Gaiman na Roger Avary, walioiandika, walijiuliza swali la maana: kwa nini Grendel hamgusi mfalme Hrothgar? Jibu lao ni kwamba Hrothgar ndiye baba yake. Beowulf naye anapoingia pangoni hamuui yule mama. Wanapatana, na joka linalokuja miaka mingi baadaye ni mwanawe. Kwa hiyo kisa kizima kimekuwa cha wanaume wanaodanganya kuhusu ushujaa wao na madhambi yao yakiwarudia yakiwa na mabawa. Utenzi hausemi hivyo. Lakini wazo lina nguvu, na lile pambano la mwisho na joka ni la kutazamwa kwenye skrini kubwa. Nyuso ndizo zinazoiangusha. Macho yale hayana uhai, na mtu anapolia huamini.

Ya katikati, Beowulf & Grendel ya mwaka 2005, wengi hawaijui. Ilipigwa Iceland, Gerard Butler akiwa Beowulf na Stellan Skarsgård akiwa Hrothgar. Inaanza na Grendel mtoto akishuhudia baba yake akiuawa kwa sababu ya samaki, kisha anabaki na kichwa cha baba yake kama kumbukumbu. Hivyo anayekuja kuua baadaye ana dai lake, na Beowulf anazidi kutambua kwamba amekodiwa kwenye ugomvi ambao mwenye kosa ni mwenyeji wake. Upepo na majani makavu ya kule unavihisi. Joka hamna, bajeti ndogo, mwendo wa polepole. Nampendekezea mtu anayetaka kufikiri zaidi ya kusisimka.

The Northman dhidi ya Thor

Zote mbili zinamhusu mwana wa mfalme aliyepoteza nafasi yake. Baada ya hapo zinaachana kabisa.

The Northman ya 2022, ya Robert Eggers aliyeiandika pamoja na mshairi wa Iceland, Sjón, inatokana na kisa cha Amleth kilichoandikwa na Saxo Grammaticus wa Denmark zaidi ya miaka 800 iliyopita. Shakespeare alikitumia kisa hicho hicho kwa Hamlet wake, ila Amleth si mtu wa kusitasita. Anamwona ami yake, Fjölnir, akimuua baba yake, anakimbia kwa mtumbwi akirudia kiapo: nitakulipizia baba, nitakuokoa mama, nitakuua Fjölnir. Akishakuwa mtu mzima anajipiga chapa ya mtumwa mwenyewe na kujipenyeza kwenye meli inayopeleka watumwa Iceland, kwa Fjölnir.

Na anamkuta Fjölnir hana ufalme. Alinyang'anywa. Sasa ni mfugaji wa kondoo kwenye bonde la mbali, mwenye mke na watoto. Kiapo kilitolewa dhidi ya mfalme. Kinatimizwa kwa mkulima. Halafu mama naye ana yake ya kusema, ambayo sitayafichua, na Nicole Kidman anayasema kwa namna inayokufanya utamani Amleth apande jahazi aondoke. Anaweza. Anapewa nafasi ya kuondoka, mwanamke anayempenda yuko naye. Anachagua kurudi, na kila tunachokijua kuhusu watu wale kinatuambia hakuna kingine ambacho angeweza kuchagua. Eggers alishauriana na wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo mwanaakiolojia Neil Price, na inaonekana katika nyumba, mavazi na ibada. Uchawi umeachwa jinsi wahusika wanavyouona: mtabiri asiye na macho, maiti anayelinda upanga kaburini, mwanamke wa vitani anayewapandisha waliokufa farasi kwenda Valhalla, ukumbi wa Odin wa mashujaa waliokufa. Hakuna anayekuambia kama ni kweli au ndoto. Ni ya watu wazima tu; kuna shambulio la kijiji ambalo halionei mtu haya, watoto wakiwa miongoni mwa wahanga.

Thor ya 2011 na Thor: Ragnarok ya 2017 ni za kufurahia, na nazifurahia. Lakini zilichochukua ni majina. Katika visa vya Iceland Loki ni ndugu wa kuchanjiana damu na Odin, si kaka wa kulelewa wa Thor. Hel ni binti wa Loki, si dada yake Thor. Na Thor mwenyewe ana ndevu nyekundu na hasira za karibu. Ragnarok inasogea karibu zaidi na ngano pale Thor anapokubali Asgard, makao ya miungu, iteketezwe na jitu la moto Surtur. Ni uamuzi mzuri, wa mtu aliyeacha kupigana na utabiri. Kisha kila tunayempenda anapanda chombo na kuondoka salama, na uzito wote unayeyuka. Ukiwa na familia sebuleni Jumamosi jioni, weka Thor. Ukiwa peke yako na muda wa kutosha, The Northman.

Ukiwa na watoto

Wengi hukimbilia How to Train Your Dragon ya 2010. Ni filamu nzuri sana, ila haina kisa chochote cha kale ndani yake. Ina Waviking na majoka basi. Kwa mtoto anayetaka kumjua Thor wa kweli, tafuta katuni ya Denmark iitwayo Valhalla, ya mwaka 1986, iliyotokana na vibonzo vya Peter Madsen. Thor anafika kwa maskini, anachinja mbuzi wake wawili ili watu wote wapate kula, kwa sharti kwamba mfupa usivunjwe, maana kesho yake atawafufua. Kijana Tjalfi anavunja mmoja, mbuzi anaamka akichechemea, na yeye na dada yake Röskva wanachukuliwa kuwa watumishi. Humo mna pia safari ya Utgard kwa majitu, ambayo ni moja ya visa vitamu kabisa vya Kaskazini. Thor anapewa pembe ainywe aimalize na anashindwa, kumbe ncha yake imeunganishwa na bahari. Anaambiwa ainue paka, hamuwezi. Kumbe ni lile Joka la Midgard. Anashindwa mweleka na bibi kizee, kumbe bibi huyo ni Uzee wenyewe. Kuwepo kwa toleo la Denmark la mwaka 2019 lenye jina hilo hilo na waigizaji wa kweli kusikuchanganye: hilo lina giza zaidi, liache kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Hii ya 1986 ni ya Kidenmaki kwa asili, kwa hiyo ukipata kopi yenye maandishi ya chini kaa na watoto uwasimulie inavyokwenda, na uisimamishe pale kwenye pembe uwaulize wao wanadhani kuna nini ndani.